Mji Ulipie Funza Kazi Yao

Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Walikufa watu zaidi ya 30, watoto wakiwamo. Rambirambi na lawama zilifuata, na zote zilistahili. Lakini kuna jambo halikusemwa kwa sauti ya kutosha: mlima ule ulijengwa na nini. Katika miji ya Afrika Mashariki, kati ya asilimia 60 na 70 ya taka ni vitu vinavyooza. Ni maganda ya ndizi, kabichi zilizochakaa, mabaki ya ugali na wali, matunda yaliyopondeka njiani kutoka shamba. Hivyo ndivyo vinavyoloa, vinavyovuta nzi na panya, na vikifukiwa bila hewa vinatoa gesi ya methani. Plastiki inaonekana zaidi kwa macho, ila uzito wa jaa ni chakula.

Kampala haiko peke yake. Dandora ya Nairobi ilitangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na malori bado yanaipanda. Dar es Salaam hupeleka taka zake Pugu Kinyamwezi. Kote huko tunanunua dizeli ya kubebea maji, maana ganda la tikiti ni maji kwa sehemu kubwa ya uzito wake. Na huku lori likielekea dampo, mfugaji wa kuku wa Mbagala au wa Kikuyu analia na bei ya chakula cha mifugo. Protini iliyomo kwenye chakula hicho inatoka hasa kwa dagaa wa Ziwa Victoria na soya. Dagaa yule ndiye kitoweo cha bei nafuu cha mamilioni ya watu wa kanda hii, na kila gunia linalosagwa kwa ajili ya kuku limetolewa kwenye sahani ya mtu.

Yuko mdudu anayeweza kusimama katikati ya shida hizi mbili. Ni nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambaye wafugaji wengi humtaja kwa herufi tatu tu, BSF. Habari zake zimeandikwa sana, na nyingi zimeandikwa kwa tamaa: nunua kreti, pata mayai, tajirika. Nimeona vibanda vingi vilivyoanza kwa tamaa hiyo vikafungwa, na karibu vyote vimeanguka kwa sababu zilezile. Kasoro haikuwa kwa nzi. Ilikuwa kwenye hesabu ya nani analipia nini.

Nzi huyu si yule anayetua kwenye sahani. Ni mwembamba, mweusi, na kwa mbali utamdhani nyigu, ila hana mwiba. Akishaota mabawa hana haja ya chakula. Anakunywa maji, anatafuta mwenza, anataga na kufa, yote ndani ya wiki moja au mbili. Hana cha kufuata jikoni, na ndiyo maana haenezi magonjwa kama nzi wa nyumbani. Ulaji wote ameumaliza akiwa funza. Jike mmoja hutaga mayai 500 hivi, pengine zaidi. Kwenye joto la kutosha huanguliwa kwa siku nne, na kifunza kinachotoka, ambacho unakiona kwa shida, huongezeka uzito maelfu ya mara kabla ya kufikisha wiki tatu.

Teknolojia ya kumfuga inaweza kuwa ghali au rahisi, ila sehemu yake ngumu ni ileile popote: kupata mayai mengi, ya siku moja, kila siku. Kwenye banda linaloendeshwa vizuri, pupa huwekwa ndani ya kizimba kilichofunikwa kitambaa cheusi. Nzi wakitoka kwenye maganda yao hutulia humo, kwa kuwa gizani hawapandani. Siku ikifika, mfanyakazi huunganisha kizimba hicho na kingine cha neti kilichowekwa mwangani. Nzi humiminika kuufuata mwanga, na hapo unakuwa na kundi la umri mmoja. Ndani ya kizimba cha mwanga kuna beseni lenye matunda yaliyooza na nzi waliokufa. Harufu yake humwambia jike kwamba chakula cha wanawe kiko karibu. Hatagi juu ya chakula chenyewe, hutaga kwenye ufa ulio jirani nacho. Kwa hiyo juu ya beseni hukaa vibao vyembamba vilivyofungwa pamoja, kila kimoja kikiachana na mwenzake kwa upana wa milimita moja au mbili. Ukivifungua baada ya siku mbili unakuta mayai ya rangi ya krimu yamebanana mstari kwa mstari. Hukwanguliwa kwa kisu butu na kupimwa kwenye mizani ya aina anayotumia sonara.

Hiyo mizani ndogo ina maana kubwa. Tuchukue soko la mtaa linalotoa tani moja ya taka za kuoza kwa siku. Eawag, taasisi ya utafiti ya Uswisi ambayo mwongozo wake wa 2017 unafuatwa na wafugaji wengi, inaelekeza kreti ya sentimita 60 kwa 40 ipewe funza 10,000 wa siku tano, nao walishwe kilo 15 za taka kwa siku 12. Tani moja basi inahitaji kreti 67 mpya kila siku, yaani vifunza 670,000 kila asubuhi. Gramu moja ya mayai ina mayai kama 40,000. Ukikubali kwamba theluthi moja haitafika siku ya tano, unahitaji gramu 25 za mayai kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kreti zitakazokuwa kazini kwa wakati mmoja ni 800 hivi, nazo zikipangwa kwa ngazi nane zinaingia kwenye ukumbi usiozidi madarasa mawili ya shule ya msingi. Mambo yakienda vizuri, kwa kila tani utavuna kilo 150 hadi 200 za funza wabichi, ambao wakikaushwa hubaki theluthi, pamoja na mabaki makavu ya kufanya mbolea. Uzito mwingine wote umekwenda hewani kama mvuke na hewa ya ukaa.

Nimeiweka hesabu hii wazi kwa sababu ndiyo inayofichwa na wauzaji wa ndoto. Mtu huuziwa gramu tano za mayai na kreti kumi, anavuna mara moja, anapiga picha, kisha mwezi unaofuata mayai yanapungua na taka zinaendelea kuja. Taka hazingoji. Siku mbili bila vifunza wa kutosha, na kibanda kinanuka, majirani wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na hapo mradi umekwisha.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Nzi hupandana kwenye mwanga mkali na joto la nyuzi 25 hadi 32. Mwezi Julai usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, na ukipanda kuelekea Limuru baridi inazidi. Huko hufugi bila banda la nailoni linalotunza joto, na kwa mayai, bila taa. Pwani joto lipo mwaka mzima, lakini wakati wa masika mawingu yakitanda siku kadhaa mfululizo, nzi hawapandani inavyotakiwa na mavuno ya mayai hushuka. Taa za LED za mwanga unaofaa husaidia, na hapo gharama ya umeme inaingia. Kwa upande wa funza shida hugeuka. Chovya kidole kwenye kreti ya siku ya saba, utakuta moto. Funza 10,000 wakila kwa pamoja hutengeneza joto lao wenyewe, na likipita nyuzi 40 huanza kukimbia, wakipanda kuta za kreti na kuanguka sakafuni kwa mamia. Dar es Salaam, upepo wa kupita katikati ya kreti ni muhimu kuliko kifaa chochote cha kununua.

Adui wa kila siku, hata hivyo, ni maji. Taka za masoko ya Mabibo, Marikiti au Kongowea ni matunda na mboga kwa wingi, na zikisagwa zinakuwa uji. Funza wanahitaji chakula chenye unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Ukizidi hapo wanakosa hewa na kutoroka, na wale wanaobaki huvunwa ndani ya tope lisilopita kwenye chekecheo. Mfugaji mzoefu huchuja kwanza, kisha huchanganya na kitu kikavu, pumba za mahindi au machicha ya kiwanda cha bia. Na pumba zina bei. Pia, kwa kuwa funza hana meno ya kutafuna, taka hukatwakatwa hadi vipande visivyozidi sentimita moja au mbili. Mashine ya kusaga taka ndiyo inayoharibika kuliko zote bandani, na mara nyingi kinachoivunja ni kijiko cha chuma au jiwe lililoingia na maganda.

Hapo tunafika kwenye kiini. Taka safi zilizotenganishwa hazipatikani bure, na zile bora zimeshachukuliwa. Muulize mfugaji wa ng'ombe wa Kampala anayenunua maganda ya matoke, au mfugaji wa nguruwe anayekusanya makombo ya hoteli. Majani mabichi ya kabichi yanaliwa na ng'ombe kwa faida kubwa kuliko yangeliwa na funza, na hakuna sababu ya kumnyang'anya. Kazi inayomfaa funza mjini ni kile ambacho ng'ombe hakigusi: matunda yaliyochacha, makombo ya mama lishe yaliyolala, matumbo ya samaki na kuku. Nairobi imekwenda mbali zaidi. Sanergy, iliyoanza kazi yake ya vyoo katika mitaa ya Mukuru mwaka 2011, hukusanya kinyesi cha vyooni na kukichakata pamoja na taka nyingine za kuoza, ikiwatumia funza hawahawa kupata chakula cha mifugo na mbolea. Ni kazi ya afya ya umma kwa kila kipimo. Inahitaji uangalifu pia: funza hupunguza sana bakteria kama salmonela, lakini mayai ya minyoo ya Ascaris hawayaui, kwa hiyo mbolea ya aina hiyo lazima ipitishwe kwenye joto kabla haijafika bustanini.

Ulaya wamechukua njia nyingine, na yafaa tuitazame vizuri kabla ya kuiiga. Huko mdudu anayefugwa kwa chakula cha mifugo anahesabiwa kisheria kuwa mfugo, na mfugo haruhusiwi kulishwa makombo ya jikoni wala samadi. Protini ya wadudu iliruhusiwa kwenye chakula cha samaki mwaka 2017, na cha kuku na nguruwe mwaka 2021, ila mdudu mwenyewe analishwa pumba na mabaki safi ya viwanda, vitu ambavyo nguruwe angeweza kuvila moja kwa moja. Juu ya hapo kuna gharama ya kupasha joto majengo wakati wa baridi. Ÿnsect ya Ufaransa, iliyoanzishwa 2011, ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola na kujenga karibu na mji wa Amiens kiwanda kirefu cha roboti kwa ajili ya funza wa unga. Mwaka 2024 ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na 2025 ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Waliokuwa wakishangilia kiwanda hicho walikuwa wakija huku kutuuzia mfano uleule. Mimi nasema wazi: sisi tuna joto la bure na taka zisizo na mwenyewe, na mtu anayetuletea roboti na pumba amepuuza vitu viwili pekee ambavyo kwavyo tunaizidi Ulaya.

Faida hiyo ya taka ina upande wa hatari, na haufai kufunikwa. Funza hawakusanyi sumukuvu mwilini, na hili ni jambo jema katika nchi zenye mahindi yenye ukungu. Kwa kadmiamu ni kinyume: madini hayo yakiwa kwenye taka, funza huyakusanya, na kuku atakayemla funza atayala. Kadmiamu hutoka kwenye betri na rangi zilizotupwa pamoja na maganda. Dawa za kuua wadudu zilizobaki kwenye mboga nazo zinaweza kuua kreti nzima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana taka zilizochanganywa na kufika dampo hazifai tena, hata ukizichambua kwa mikono mchana kutwa. Utenganishaji lazima ufanyike pale mwanamke anapomenya ndizi, kwenye ndoo mbili, kabla mchanganyiko haujatokea. Kenya imeliweka hili kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka za kuoza zitengwe tangu zinapozalishwa. Sheria ni nzuri. Sokoni bado lori moja hubeba vyote.

Kuhusu soko la funza wenyewe sina wasiwasi mkubwa. Kenya na Uganda zilipitisha viwango vya wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya ulishaji wa kuku, samaki na nguruwe na juu ya mbolea itokanayo na funza. Watu wa Bukoba na Masaka, wanaongoja msimu wa senene kwa hamu, hawahitaji semina ya kuwaaminisha kwamba mdudu ni chakula. Funza mkavu ana protini asilimia 35 hadi 45, na mafuta mengi vilevile, kiasi kwamba asipokamuliwa chakula cha kuku huchacha mapema. Kiwanda cha chakula cha mifugo hutaka tani zenye ubora uleule kila wiki, na kibanda kimoja hakiwezi kukipa. Lakini kibanda hichohicho kinaweza kumuuzia mwenye kuku 200 mtaa wa pili ndoo ya funza hai asubuhi, bila kukausha, bila kukamua, bila kufungasha. Mjini, soko la kwanza liko umbali wa bodaboda.

Pamoja na hayo yote, chukua kalamu upige hesabu ya kibanda cha tani moja kwa siku, kinacholipa mishahara, umeme, pumba, mafundi wa mashine na kodi ya pango. Mauzo ya funza na mbolea peke yake hubaki karibu na mstari wa hasara, na mwezi mbaya mmoja hukiangusha. Hii haimaanishi kwamba kazi haina thamani. Maana yake ni kwamba kibanda kinafanya kazi mbili na kulipwa moja. Kinazalisha protini, na hiyo kinalipwa. Kinaondoa tani moja ya uozo mjini kila siku, na hiyo hakilipwi hata senti.

Linganisha na lori. Nairobi imekuwa ikiwalipa makandarasi kwa tani zinazopimwa kwenye mizani ya Dandora. Kadiri unavyopeleka uozo mwingi dampo, ndivyo unavyolipwa. Mkandarasi akimpa mfugaji wa funza tani mbili za makombo ya soko amejikatia mapato yake mwenyewe, na akiacha mvua iloweshe mzigo kabla ya kupimwa ameyaongeza. Hatuwezi kuwalaumu madereva kwa kufuata malipo tuliyoyaweka wenyewe. Pesa za umma tayari zinatumika kwa kila tani. Zinatumika tu kwa kazi mbaya zaidi kati ya mbili zinazowezekana.

Mpango unaofaa kwa miji yetu naona uwe hivi. Halmashauri au kaunti ijenge, au iingie ubia kujenga, kituo kimoja cha mayai na vifunza kwa mji mzima, chenye taa, vipimo vya joto na wataalamu wa kudumu, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayohitaji utaalamu na isiyovumilia kubahatisha. Vifunza wa siku tano husafirishwa kwa urahisi; laki kadhaa hukaa kwenye ndoo chache nyuma ya guta. Kila soko liwe na banda lake la kreti, linaloendeshwa na ushirika wa vijana wazoa taka wa hapohapo. Hao wanawajua wachuuzi kwa majina, wanajua meza ipi ina mabaki gani na saa ngapi, na kazi yao leo wanaifanya bila glavu wala mkataba. Mizani iwekwe mlangoni mwa banda, na kila tani inayoingia ilipwe kiwango kilekile ambacho mji unamlipa mwenye lori kuipeleka dampo. Bajeti haiongezeki kwa hilo, inabadilisha mlango tu. Kwa malipo hayo ushirika unaweza kununua pumba, kulipa fundi, na kuishi mwezi ambao bei ya funza imeshuka. Upimaji wa kadmiamu na salmonela ufanywe na maabara ya serikali kwa ratiba, na matokeo yabandikwe bandani yasomwe na mfugaji anayenunua.

Wapo watakaosema serikali ikilipa watatokea wa kudanganya mizani. Watatokea, kama walivyo dampo leo. Tofauti ni kwamba banda lina ushahidi wa pili: tani iliyoingia lazima ionekane kama funza na mbolea baada ya siku 12, kwa uwiano unaojulikana. Taka za kughushi hazinenepeshi funza.

Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania huanza Julai 1, na makadirio ya halmashauri na kaunti hupangwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Wewe unayefanya biashara sokoni, unayefuga kuku uani, au unayeishi chini ya mlima wa taka, mtafute diwani wako au mwakilishi wa wadi yako kabla makadirio hayajapitishwa. Mwulize mji unalipa kiasi gani kwa tani moja kufika dampo, kisha mtake kiasi hichohicho kilipwe kwa tani ambayo haitafika.